Jina la mtoto si gumu, ugumu umo katika kalamu zetu

Wazazi wanaotarajia mtoto siku hizi hupewa ushauri mmoja na kila mtu: chagueni jina jepesi ambalo watu hawatashindwa kulitamka. Eti Ng’ang’a litamtesa mtoto shuleni, Achieng’ litaborongwa hospitalini na Mwanakhamisi halitatosha kwenye fomu. Heri Ryan au Tiffany, yaishe. Katika makala haya nitaupinga ushauri huo.

Tuanze na sauti zenyewe. Sauti ng’ inayodaiwa kuwa ngumu ni fonimu ya Kiswahili. Ni nazali ya kaakaa laini, nayo ni tofauti na ng, ambayo ndani yake husikika g. Tofauti hiyo hubadilisha maana: mkulima hung’oa kisiki, lakini ngoa ni uchu au wivu. Mtoto wa gredi ya kwanza husoma ng’ombe na ng’ambo bila kugugumia. Kwa nini basi mtangazaji aliyehitimu chuo kikuu amwite mgeni wake Nganga? Ulimi wake unaiweza sauti hiyo vizuri tu. Ila karatasi aliyopewa haina ritifaa, naye anasoma alichoandikiwa.

Kosa la pili ni kuyasoma majina yetu kwa kanuni za Kiingereza. Nimesikia Neema akiitwa “Nima”, na walimu wake wakizoea, kwa kuwa ee ya Kiingereza husomwa kama i ndefu. Jamani, Neema lina silabi tatu: ne-e-ma. Ciru naye, mtoto wa Wanjiru wengi, huitwa “Siru” ilhali c ya Gikuyu hukaribia sh. Hapa jina halina kosa lolote. Msomaji ndiye aliyebeba ufunguo wa nyumba nyingine.

Hata hivyo, tusiwahukumu wote kwa mizani moja. Dholuo haina sauti sh, kwa hivyo nyanya wa Kiluo anaweza kumwita mjukuu wake Shiro “Siro” maisha yake yote, na kwa mapenzi tele. Gikuyu ina irabu saba, Kiswahili tano. Ndiyo maana wengi wetu hulitamka jina Ngũgĩ kwa u na i za kawaida, ingawa irabu zake hukaribia o na e. Huo ni utohozi, na ni jambo kongwe. Kiswahili chenyewe kilipata Yohana na Yusufu kwa njia hiyo. Anayetamka kadiri ulimi wake unavyomruhusu hajamvunjia mtu heshima. Ninayemlaumu ni yule anayeweza lakini hajishughulishi.

Namlaumu kwa sababu majina haya hayakuokotwa. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Ukimwita mtoto Nganga, umemharibia na babu yake. Achieng’ ni msichana aliyezaliwa jua likiwaka, kwani chieng’ ni jua. Mwanakhamisi wa Pwani amebeba siku yake, Alhamisi. Kuyaacha majina hayo kwa kuwa karani hataki kusumbuka ni kumwadhibu asiye na hatia.

Kuna watakaosema ritifaa ni alama ndogo tu. Wamkumbuke marehemu Profesa Wangari Maathai. Aliyekuwa mumewe alipotaka aache kulitumia jina lake baada ya talaka, aliongeza a moja na Mathai likawa Maathai. Herufi moja ilitosha kulifanya jina kuwa lake mwenyewe. Ikiwa kuongeza herufi kuna uzito huo, kuangusha alama nako kuna uzito.

Kosa la ulimi hurekebishwa papo hapo. La kalamu huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, likaenda kwenye rejista ya shule, likafika kwenye kitambulisho, hadi mtu ajikute na stakabadhi mbili zisizoafikiana. Kwa hivyo mzazi akague cheti kabla hajaondoka dirishani, na ritifaa iwe mahali pake. Mwalimu amuulize mtoto siku ya kwanza, “Wewe unaitwaje nyumbani?” Mtangazaji amuulize mgeni kabla ya kuingia hewani, ni swali la sekunde mbili. Na mtu akikosea, mrekebishe kwa upole, kwa neno analolijua: “Ni ng’ ya ng’ombe.”

Wahenga walinena kuwa jina jema hung’ara gizani. Mpe mtoto jina mnalolipenda nyumbani kwenu, kisha uliandike sawasawa. Wengine watajifunza kulitamka, kama walivyojifunza Shakespeare.