Hariri Isiyopita Bandarini

Katika tungo za pwani, hariri imepewa kazi moja tu, nayo ni kulainisha. Ngozi ya mpenzi ni hariri, sauti yake ni hariri, na maneno ya upatanisho nayo ni hariri. Tashbihi hiyo si mbaya, bali imechakaa. Imechakaa kwa kuwa washairi wengi wanaijua hariri iliyokwisha kufumwa na kukunjwa dukani. Hawamjui mdudu aliyeitema wala mtu aliyeibeba.

Historia ya pwani yenyewe inaukataa uvivu huo. Padri Monclaro, Mreno wa karne ya 16, aliisifu Pate kwa nguo za hariri zilizofumwa hapo na kupelekwa miji mingine ya Waswahili. Kwa hiyo Pate ilikuwa na wafumaji, si wanunuzi tu. Baadaye, katika karne ya 19, nguo zilifuata njia ya misafara kuingia bara. Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliziorodhesha katika kitabu chake cha 1860: merikani, kaniki, barsati, debwani, sohari, na nyingine zilizochanganya pamba na hariri. Wapagazi wa Kinyamwezi walizichukua mabegani, wakapita katika nchi ya miombo ambamo leo imo Usinge, stesheni ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Hapo ndipo penye kejeli ambayo mashairi hayajaigusa. Hariri ya ng'ambo ilipitishwa katika bara ambalo lina hariri yake. Nondo wa Anaphe ni wa Afrika. Viwavi wake hukaa pamoja, husokota mfuko mmoja wa rangi ya hudhurungi, na ndani yake kila mmoja hujifumia kifukofuko chake. Nyuzi zake hazizonguliwi kwa urefu kama za kiwavi wa mforsadi: huchemshwa na majivu, kisha husokotwa mithili ya pamba. Tena mfuko huo una vinyweleo vinavyowasha, na mkono wa mfumaji huuonja uchungu kabla ya ulaini.

Wayoruba wa Nigeria hufuma kwa hariri hiyo nguo ya sanyan, vazi la heshima. Wajerumani walijaribu kuivuna kibiashara upande wa Bukoba kabla ya vita vya 1914. Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilishirikiana na wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Kakamega kuikusanya na kuifuma. Madagaska, hariri ya nondo mwingine wa mwituni, landibe, ndiyo ya lambamena, nguo ya kuzikia wafu.

Lambamena ni mtihani kwa mfasiri. Akiandika "sanda ya hariri", msomaji wa visiwani atashtuka, maana kwake sanda ni nguo nyeupe ya kawaida, na hariri ni vazi lililokatazwa kwa wanaume. Neno litakuwa sahihi, na maana itakuwa imepotea. Hariri ya huko haisemi anasa. Inasema deni la walio hai kwa waliotangulia. Hariri ya Anaphe nayo inasema jambo jingine: nyumba ya wengi, iliyojengwa kwa pamoja, isiyolainika ila kwa moto na majivu.

Atatokea wa kusema kwamba shairi si somo la wadudu. Ni kweli. Lakini mshairi anayerithi tashbihi bila kuikagua hurithi na mipaka yake. Mpaka wa tashbihi hii ni ule wa zamani baina ya pwani na bara: pwani yatoka vitu vizuri, bara hupokea. Mnyamwezi aliyebeba robota la nguo hakupata beti katika sifa za hariri, na mti uliomfunika kwa kivuli haukupata hata neno.

Miti hiyo sasa inapungua. Urambo na Kaliua ni nchi ya tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni za miombo. Kiwavi hana pa kula mti ukiondoka. Mshairi atakayeandika hariri kwa mara nyingine na aanzie hapo, chini ya mti, kabla ya kufika kwenye shavu la mpenzi.