Gitaa au Ampu: Shilingi ya Mpigaji wa Jinja na Mbale Ianzie Wapi

Mpiga gitaa aliyekusanya akiba, awe wa Jinja au wa Mbale nchini Uganda, akiingia dukani macho yake huenda moja kwa moja ukutani, kwenye magitaa. Gitaa lina rangi, lina jina kichwani, na watu wataliona jukwaani. Ampu ni sanduku jeusi lililokaa nyuma ya miguu yake. Basi fedha huishia kwenye gitaa, na haupiti muda mpigaji anagundua kwamba sauti ni ile ile ya zamani: akiiongeza inakwaruza, ngoma zikianza inazama.

Tuanze na muziki wenyewe, maana ndio unaoamua. Mapema katika miaka ya 1950 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, akafanya kazi katika studio ya CEFA, na ndiye anayetajwa kuwa aliingiza gitaa la umeme katika muziki wa mji ule. Kutoka huko ulienea upigaji ambao Afrika Mashariki imeufanya wake: gitaa la solo, gitaa la kati na besi, kila moja na njia yake, nyuzi zikijibizana bila kugongana. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, au "Malako" ya Virunga, bendi ya Samba Mapangala, ambaye kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977 alikuwa akipiga Kampala na Les Kinois. Kila noti inasikika peke yake, imeng'aa, haina mkwaruzo. Muziki wa rock huweza kufanya mkwaruzo wa ampu kuwa pambo, seben, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, haiwezi. Hapa gitaa linatakiwa liwe na sauti kubwa na safi kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi ya ampu.

Ndiyo maana Roland JC-120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, imependwa sana na wapigaji wa aina hii. Haina vali, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya ampu za kale, inatumia transista. Ina spika mbili za inchi 12, na kila spika ina ampu yake ya wati 60. Hata ukiipandisha sana, sauti hukaa safi. Sisemi kila mtu aitafute. Ina uzito wa karibu kilo 28, na anayesafiri kwa bodaboda atailaani. Naitaja ili tuone kilichofanya kazi: umeme wa kutosha na spika kubwa. Jina lake peke yake si dawa.

Kuhusu spika lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote. Wengi hununua ampu kwa kuhesabu wati, lakini ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida kidogo. Ili sikio lisikie kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa tazama spika. Watengenezaji huandika ni desibeli ngapi spika inatoa kwa wati 1, ikipimwa kutoka mita 1. Spika nzuri ya gitaa ya inchi 12 hukaribia 100. Spika ndogo ya ampu ya kujifunzia inaweza kuwa 90 au chini yake. Tofauti hiyo ya desibeli 10 ina maana kwamba ampu ya wati 10 yenye spika nzuri inalingana kwa ukubwa wa sauti na ampu ya wati 100 yenye spika dhaifu. Wati zile 90 zimenunuliwa, zimebebwa, zimelipiwa umeme, na hakuna aliyezisikia. Kwa hiyo kabla ya kuitupa ampu yako ndogo, angalia kama ina tundu la spika ya nje. Ikiwa lipo, na omu za spika haziko chini ya zile zilizoandikwa kwenye ampu, spika moja ya inchi 12 ndani ya kabati lililotengenezwa na seremala hodari inaweza kumaliza mjadala wote kwa gharama ndogo kuliko gitaa jipya.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla hujatoa hata senti. Azima. Lipeleke gitaa lako kwa mwenzako mwenye ampu nzuri, lipige kwa sauti ile unayoitumia jukwaani, si kwa kunong'oneza. Kisha chukua gitaa lake zuri ulichomeke kwenye ampu yako, kwa sauti ile ile. Ikiwa gitaa lako limefufuka kwake, na lake limekufa kwako, ampu ndiyo mgonjwa. Ikiwa gitaa lako linapiga noti za uongo hata kwenye ampu yake, usimlaumu fundi wa ampu. Zungumza pia na mtu anayesikiliza kutoka mita kumi, kwa sababu aliyesimama juu ya ampu husikia kitu tofauti kabisa na anachosikia ukumbi.

Hapo ndipo Jinja na Mbale zinaachana.

Fikiria mpigaji wa Jinja anayepiga kanisani Jumapili na kwenye hoteli mwisho wa wiki. Sehemu hizo mara nyingi zina mikisa na spika kubwa za ukumbi, na gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Mpigaji huyu analalamika kwamba gitaa lake limefifia, halina makali, akaamua anunue lingine. Tatizo liko kwenye tundu. Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Inazalisha umeme mdogo mno, na inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, takriban omu milioni 1. Ampu ya gitaa imeundwa hivyo. Tundu la laini la mikisa nyingi lina omu elfu 10 au 20 tu. Gitaa likiunganishwa hapo, tundu hilo huifyonza pikapu na kula sauti za juu, zile zile zinazoipa solo mng'ao. Gitaa la bei mara tano litafifia vile vile. Dawa ni kisanduku cha DI chenye umeme wake ndani, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa. Kwa mpigaji huyu swali la gitaa au ampu halikuwa swali lake tangu mwanzo: ampu yake ni mfumo wa ukumbi, na alichokosa ni daraja la kufikia huko. Akishakuwa na DI, sasa gitaa lenyewe litasikika lilivyo, na kuanzia hapo kuboresha pikapu kuna maana. Akitumia pedali za mkwaruzo atahitaji pia pedali inayoiga spika, kwa kuwa spika ya gitaa hukata sauti zilizo juu ya mitikisiko kama 5,000 kwa sekunde, ilhali spika ya ukumbi hupitisha zote, na mkwaruzo hutoka mkali wa kuumiza masikio.

Mpigaji wa Mbale ana dunia nyingine. Harusi za nje, mikutano ya injili viwanjani, sherehe za vijijini kwenye miteremko ya mlima Elgon. Katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, msimu wa imbalu, jando la Wagisu, hufunguliwa Agosti pale Mutoto, na ngoma za kadodi hujaza barabara. Hewani, nje, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Ampu inayotosha chumbani hupotea. Ampu ndogo za betri kama Roland Cube Street, inayotumia betri 6 za AA na kutoa wati 5, ni nzuri kwa mazoezi au kwaya ya watu wachache, lakini usizipeleke mbele ya ngoma. Huyu anahitaji ampu kwanza, bila ubishi, tena iwe yake, kwa sababu anakokwenda hajui atakuta nini.

Na atakuta umeme wa namna gani? Uganda hutumia volti 240. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja tarehe 29 Aprili 1954, lakini kuishi karibu na bwawa hakukupi volti 240 kwenye soketi. Hilo hutegemea transfoma ya mtaa na urefu wa waya unaokuja kwako. Volti zikishuka hadi 180, ampu ya kawaida ya transista hubaki na uwezo wa takriban asilimia 56 ya wati zake, kwa sababu wati hufuata mraba wa volti. Inaanza kukwaruza mapema, na mpigaji anaiita mbovu. Ampu ya vali huumia zaidi, kwani vali zake zinahitaji joto la kiwango maalumu, na zikiisha itabidi utafute nyingine mbali na Mbale. Kwa anayesafiri na jenereta, napendekeza transista bila kusita. Stebilaiza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya ampu. Ampu nyingi mpya zenye maandishi ya volti 100 hadi 240 mgongoni huvumilia mabadiliko vizuri zaidi. Ukinunua ya mtumba, soma mgongo wake kabla ya rangi: iliyotoka Japani huenda ni ya volti 100, iliyotoka Marekani ni 120, na ukiichomeka ukutani hapa itaungua papo hapo.

Jambo moja la usalama nalisema kwa uzito. Kuna wapigaji wanaokata au kuziba pini ya eathi ili kuondoa mvumo. Mei 1972, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na eathi akiwa ameshika gitaa. Mvumo una dawa nyingine. Pikapu za koili mbili, zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, zilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa: koili mbili zinafutana mvumo. Eathi usiiguse.

Je, gitaa halina zamu? Linayo, pale linapodanganya noti. Lakini hata hapo, fundi kwanza, duka baadaye. Badilisha nyuzi, maana jasho na joto huzila haraka. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 ukiibonyeza na ile inayotoka ukigusa tu uzi juu ya freti hiyo. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, sogeza kigingi cha uzi huo kilicho kwenye daraja la gitaa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ikiwa kodi za karibu na kichwa ndizo tu zinazopanda, mifereji ya kichwani haijachimbwa vya kutosha, na hiyo ni kazi ya tupa nyembamba. Ukiongeza kebo fupi na nzuri, kwa kuwa kebo ndefu ya hovyo hula sauti za juu, gitaa la bei nafuu hubadilika kiasi cha kushangaza. Likikataa baada ya hayo, kwa mfano shingo imepinda hadi chuma cha ndani hakiinyooshi tena, au funguo hazishiki, hapo ndipo gitaa jipya linastahili fedha.

Hukumu yangu basi ni hii. Nyuzi, marekebisho na kebo kwanza, kwa kila mtu. Baada ya hapo, mpigaji wa Mbale anayepiga nje anunue ampu ya transista yenye spika ya inchi 12 pamoja na stebilaiza, na gitaa lisubiri mwaka mwingine. Mpigaji wa Jinja anayetegemea mikisa ya ukumbi anunue kisanduku cha DI, kisha akiba inayobaki aiweke kwenye gitaa. Na yeyote kati yao asitoe fedha kabla ya kufanya lile jaribio la kuazima.