Jicho la Skauti

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Skauti wa mpira wa kikapu, yaani msaka vipaji, haupingi msemo huo, ila anajua kwamba asubuhi huwa na nyota nyingi, na si zote njema. Katika vyuo vikuu vya Marekani, kila msimu huibuka kijana anayefunga pointi ishirini na kitu kwa mchezo, ukumbi mzima ukiimba jina lake. Ikifika Juni, timu za NBA, ligi ya kulipwa, huketi kwenye drafti, raundi mbili za kuchagua wachezaji wapya, na swali huwa moja: huyu anayetamba hapa, atatamba na kule? Naisifu kazi ya wanaolijibu swali hilo, kwa kuwa ni kazi ya kumtazama mtu kwa utulivu huku kila mmoja akishangilia.

Ugumu huanzia kwenye mchezo wenyewe. Uwanja ni uleule na kikapu kina kimo kilekile, lakini mechi ya chuo huchukua dakika 40, ya NBA 48. Chuoni timu hupewa sekunde 30 za kushambulia. NBA ni 24. Mstari wa pointi tatu wa NBA, mbele ya kikapu, uko mita 7.24, wa vyuo, mita 6.75. Tena mlinzi wa NBA haruhusiwi kuganda karibu na kikapu chake zaidi ya sekunde tatu kama hakuna mtu anayemkaba, hivyo mrefu aliyezoea kusimama na kuzuia hulazimika kutoka na kukimbizana na wepesi. Ndiyo maana skauti hodari haishii kuuliza kijana amefunga ngapi. Huuliza amefungaje, na ni njia ipi itakayosalia siku wapinzani wote watakapokuwa na urefu na nguvu kama zake.

Drafti ya 2009 inatuhusu sisi Watanzania. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa tishio akiichezea University of Connecticut, akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo. Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry, kijana mwembamba wa chuo kidogo cha Davidson, alichukuliwa wa saba na Golden State Warriors. Thabeet alidumu NBA hadi 2014, kwa wastani wa pointi 2.2. Curry ametwaa ubingwa mara nne, na hakuna aliyefunga mitupo mingi ya pointi tatu kumzidi katika historia ya ligi hiyo.

Thabeet hastahili lawama. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, naye aliushika mpira wa kikapu akiwa kijana tayari, wakati aliokwenda kushindana nao waliukulia. Funzo ni la watazamaji. Urefu uliowatisha wanafunzi ulikutana na watu wazima wenye miili mikubwa na ujuzi wa miaka mingi, faida yake ikapungua. Curry alihama na vitu visivyopungua: mkono mwepesi wa kuachia mpira, miguu isiyotulia, na uwezo wa kurusha kutoka mbali kiasi kwamba kusogezwa kwa mstari hakukumsumbua.

Miaka miwili baada ya drafti hiyo, Jimmer Fredette wa chuo cha Brigham Young aliongoza nchi nzima kwa ufungaji vyuoni, akachaguliwa wa kumi. Kawhi Leonard wa San Diego State, mpinzani wake katika ligi moja ya vyuo, alichaguliwa wa kumi na tano, na haki zake zikahamia San Antonio Spurs usiku huohuo. Mitupo yake ya mbali chuoni ilikuwa dhaifu, chini ya asilimia 30. Lakini alikuwa na mikono mirefu, viganja vikubwa na bidii ya kukaba. San Antonio walijua kwamba mtupo hufundishika na urefu wa mikono haufundishiki, na mwalimu wa mitupo walikuwa naye. Leonard akawa mchezaji bora wa fainali za NBA mwaka 2014, na tena 2019 akiwa na Toronto.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wa kazi hii: kutenganisha kinachofundishika na kisichofundishika, kisha kujiuliza kwa unyofu kama timu yako inaye wa kufundisha. Kwa hiyo skauti hufika mapema kutazama wanavyopasha misuli. Huangalia mitupo huru, kwa sababu pale mkono hauna wa kuusumbua na ukweli wake huonekana. Humtazama kijana baada ya kukosa: je, anarudi mbio kulinda, au anamlalamikia mwamuzi? Akitolewa nje, anaketi vipi na wenzake?

Makocha wetu wa shule na vilabu, nanyi mnafanya kazi hiihii kila mnapomchagua kijana. Msiridhike na kimo chake, wala na pointi alizowafunga wadogo kuliko yeye. Tazameni mikono, miguu na moyo wake, kisha mumfundishe mapema, kwa maana kumwona kijana bila kumlea ni nusu ya kazi.