Tamthilia, Dagaa na Mwezi Mpevu

Nenda Kilwa Kivinje usiku wa tarehe 27 ya mwezi wa Kiislamu, uchungulie kibanda cha video chochote cha karibu na pwani. Benchi za nyuma utazikuta wazi, na watoto wamejilaza mbele kwenye jamvi. Rudi usiku wa tarehe 14, hapo utawakuta wanaume wamesimama mlangoni, wengine wanatazama kwa kuchungulia upenyo wa makuti. Kipindi ni kilekile na saa ni ileile. Kilichobadilika ni mwezi.

Dagaa wa pwani hii huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za jenereta na za sola. Mwanga huwakusanya chini ya chombo, kisha wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikitanda bahari nzima, taa ya chombo haina tena nguvu ya kuwavuta, ndiyo maana siku zinazozunguka mwezi mpevu vyombo hupumzika. Wavuvi huyaita majira yao ya kazi "giza". Giza likiingia, mamia ya wanaume kuanzia Somanga hadi Lindi mjini huwa majini saa ile taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza na tamthilia zinapojipanga nyuma yake.

Sasa tuone namna Dar es Salaam inavyowahesabu watu hawa. Mpangaji wa vipindi huangalia tarakimu mbili. Ya kwanza ni kiwango: katika watu wote, ni wangapi wametazama kipindi? Ya pili ni mgawo: katika wale waliokuwa mbele ya runinga saa hiyo, wangapi walikuwa kwenye chaneli yako? Tarakimu hizi hutoka kwenye tafiti za kampuni kama Ipsos, au kwenye maswali ya simu ya mkononi kama yanayoulizwa na GeoPoll. Kuuliza kwa simu kuna faida kubwa kwetu, kwa kuwa anayehesabiwa ni mtu na si seti ya runinga. Kibanda chenye dekoda moja na watu 60 kingehesabiwa kwa kifaa kilichofungwa kwenye seti, watu 59 wangepotea.

Lakini angalia ukubwa wa sampuli. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Ukichukua watu 1,000 na kuwagawa kwa uwiano, Lindi inapata 19. Ondoa wilaya za Liwale, Nachingwea na Ruangwa, wanakoishi kwa korosho na ufuta, pwani inabaki na takriban watu kumi. Kati yao wanne wakiwa wavuvi wa dagaa na swali likiingia usiku wa giza, simu zao ziko ndani ya mfuko wa nailoni chini ya tanga, au hazina mtandao. Likiingia wiki ya mbalamwezi, wote wanne wanajibu. Ukijumlisha mwezi mzima unapata wastani ambao hakuna usiku wowote uliofanana nao. Mpangaji anausoma wastani ule na kuamini kuwa pwani ina watazamaji wa wastani kila siku. Hapa ndipo ninapoona kosa, tena kosa la hesabu linalorekebishika.

Tazama "Sultan", tamthilia ya Kituruki ambayo Azam TV iliileta ikiwa na sauti za Kiswahili. Kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl. Ilirushwa kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014, usiku mmoja tu kwa wiki, kila sehemu ikizidi saa moja na nusu, na jumla ni sehemu 139. Kazi za namna hii zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi ili zipangwe siku baada ya siku. Ukataji huo hubadilisha mwendo wa hadithi: ugomvi uliomalizwa Uturuki kwa usiku mmoja, huku unachukua siku tatu. Mtu wa mjini anaweza kulalamika kwamba hadithi inajikokota. Kwa mvuvi huo ndio mwendo wenyewe. Anakosa siku za giza, anarudi, jirani anamsimulia kwa maneno machache nani katiliwa sumu na nani kapata mtoto wa kiume, naye anaendelea. Kipindi cha mara moja kwa wiki kingemtupa nje kabisa. Na hadithi yenyewe, inayomhusu Sultani Suleiman, haikuja ugenini: sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa Kisiwani nazo zina majina ya masultani, na jina la Sulaiman limo.

Wanawake wana saa nyingine. Vyombo hurudi alfajiri, na dagaa hawasubiri: wanapokewa, wanachemshwa kwa maji ya chumvi, wanaanikwa. Aliyeamka saa 10 usiku kuwasha kuni hawezi kukesha na tamthilia inayoisha saa 4 usiku. Yeye ni mtazamaji wa marudio ya mchana, wakati dagaa wako juani na mkono uko huru kidogo kabla ya kuwageuza. Saa hizo vituo vingi huziona za kujazia, na bei ya tangazo huwa ya chini. Mwenye sabuni, mafuta ya kupikia au vifurushi vya simu anayetaka kumfikia mwanamke wa Somanga mwenye pesa yake mwenyewe ya dagaa, angemkuta hapo.

Wenye vibanda hawakuhitaji utafiti. Wapo wanaolipia king'amuzi kwa wiki majira ya mbalamwezi, na giza likiingia wanashuka kwenye kifurushi cha siku, wanalipia mechi kubwa tu. Kiingilio wanakiandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni, na ubao ule unafutwa kufuata bahari.

Kalenda ya kupangia vipindi kwa kufuata mwezi tayari inaning'inia ukutani katika nyumba nyingi za pwani. Tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu ni siku nyeupe, ambazo watu wengi huzifunga sunna, na ndizo siku za mwezi mpevu. Hata Ramadhani iko hivyo: katikati yake vyombo viko ufukweni na wanaume wako nyumbani baada ya tarawehe, kumi la mwisho giza linarudi. Kituo kinachotaka sehemu ya mwisho ya tamthilia, au fainali ya shindano la vipaji, itazamwe na pwani nzima, kiishushe kati ya tarehe 12 na 16, kuanzia saa 3 usiku, isha ikiwa imeshaswaliwa. Sehemu za kuvuta muda, ambazo kila tamthilia inazo, zipelekwe kwenye giza.