Nafasi ya Mshonaji katika Filamu ya Funny Face: Uhakiki kwa Jicho la Laela

Sehemu hii inahakiki filamu ya muziki na vichekesho ya Funny Face (1957), iliyoongozwa na Stanley Donen, kwa kuuliza swali moja: katika filamu inayohusu mavazi, kazi ya kuyatengeneza inaonekana wapi? Swali hili lina uzito kwa mtazamaji wa Laela. Katika karne ya 19 Ufipa ulijulikana kwa ufumaji wa vitambaa vya pamba, ufundi ambao baadaye ulififishwa na vitambaa vya kigeni. Hata leo fundi cherehani hushonea barazani, mteja akiona nguo yake inavyokatwa, inavyoungwa na inavyorekebishwa.

Jo Stockton (Audrey Hepburn) ni muuza vitabu wa New York anayependa falsafa. Mpigapicha Dick Avery (Fred Astaire) na mhariri Maggie Prescott (Kay Thompson) wanamteua kuwa mwanamitindo wa jarida lao, naye anakubali kwa kuwa safari ya Paris itamkutanisha na Profesa Flostre, mwanafalsafa anayemhusudu.

Inaweza kudaiwa kwamba filamu hii inaikejeli biashara ya mitindo. Dai hilo lina ushahidi: Maggie anawaamuru wanawake wavae rangi ya waridi, ilhali yeye mwenyewe haivai. Hata hivyo, kejeli hiyo inamgusa anayeamuru na anayetii tu. Anayeshona hana sauti ndani yake. Linganisha matukio mawili. Wapigapicha wanapolivamia duka la vitabu na kulivuruga, tunamwona Jo akihangaika kurudisha vitabu mahali pake. Lakini katika jumba la mitindo la Paul Duval, Jo anaingia na nguo zake za kawaida, kisha anatokea jukwaani akiwa amebadilika kabisa. Kilichotendeka katikati kimefichwa, na mabadiliko yanapokewa kama muujiza.

Ufichaji huo una athari kwa maana ya filamu nzima. Flostre anafichuliwa kuwa mtu anayetumia falsafa kama chambo cha kuwanasa wanawake, na kwa kumwangusha yeye, filamu inaidunisha pia hamu ya Jo ya kufikiri. Jumba la Duval halipewi mtihani kama huo. Fikra zinachunguzwa hadi uvunguni. Mavazi yanaaminiwa kwa uso wake.

Mavazi ya Hepburn ya Paris yalibuniwa na Hubert de Givenchy, na uzuri wake haupingiki. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba uzuri huo umetenganishwa na mikono iliyouzalisha, na kwa sababu hiyo filamu inaweza kumtaka Jo ashukuru kuvishwa bila kuuliza lolote. Mteja wa barazani Laela huuliza, na hubishana na fundi kuhusu kiuno na mikono ya gauni lake. Jo, msomaji wa falsafa, ananyimwa haki hiyo ndogo.