Nani Yumo Ndani ya Asasi? Uhakiki wa Tafiti za Menejimenti na Tabia katika Asasi kwa Mizani ya Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala hii inahakiki mwelekeo wa tafiti za sasa za biashara, menejimenti na tabia katika asasi nchini Tanzania kwa kuupima na mazingira ya Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa tafiti nyingi hautokani na uhaba wa takwimu wala ugeni wa nadharia. Unatokana na kuamua mapema, kabla ya kufika uwandani, ni nani mwanachama wa asasi, anapatikana wapi na lini, na maneno anayoulizwa yana maana gani kwake. Miwa ya Kidatu, vyandarua vya Ifakara na mpunga wa Mngeta vinatumika kuthibitisha hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za menejimenti zinafuata njia moja. Sura ya pili huleta nadharia, aghalabu ile ya mambo mawili ya Herzberg, au ile ya Meyer na Allen (1991) inayogawa kujifunga kwa mtu na asasi yake katika sehemu tatu: kwa mapenzi, kwa kuhofia hasara ya kuondoka, na kwa kuona kubaki ni wajibu. Sura ya tatu huleta hojaji yenye skeli ya Likert, kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Sura ya nne huonesha uhusiano wa vigeu kwa majedwali, na sura ya tano hupendekeza kwamba uongozi uwahamasishe wafanyakazi.

Njia hiyo si mbaya kwa asili yake. Inampa mtahini kitu cha kukagua na inampa mtafiti mwingine kitu cha kurudia. Tatizo ni kwamba inaanza na asasi iliyokwisha kuchorwa: kuna lango, kuna orodha ya watumishi, kuna sampuli inayotolewa katika orodha hiyo. Aliyemo katika orodha ni mwanachama, asiyekuwamo ni mazingira. Katika Bonde la Kilombero mchoro huo haukai sawa, na pale usipokaa sawa ndipo matokeo yanapoanza kusema jambo ambalo wahojiwa hawakulisema.

2.0 Mkulima wa nje aliye ndani

Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1998 ikabinafsishwa, serikali ikibaki na asilimia 25 ya hisa. Viwanda vyake vya Msolwa na Ruembe viko pande mbili za Mto Ruaha Mkuu. Sehemu kubwa ya miwa inayosagwa hutoka katika mashamba ya wakulima wadogo wanaozunguka kampuni. Kwa Kiswahili cha eneo hilo na cha nyaraka za serikali, watu hao huitwa wakulima wa nje.

Jina hilo linastahili kusomwa kwa makini kuliko linavyosomwa. Mkulima wa nje hana namba ya ajira, hana likizo, wala hayumo katika orodha ya watumishi. Hata hivyo, siku ya kuchoma shamba lake, siku ya kukata na siku ya kupakia hupangwa kwa ratiba ya kiwanda. Miwa ikishachomwa na kukatwa huanza kupoteza sukari, hivyo kila siku ya kusubiri lori ni hasara kwa mwenye shamba. Malipo yake hutegemea uzito uliopimwa kwenye mizani ya kiwanda na kiwango cha sukari kilichopimwa katika maabara ya kiwanda. Kwa maana ya utendaji, mtu huyo anasimamiwa kwa karibu kuliko karani wa ofisini. Yuko nje ya orodha na yuko ndani ya amri.

Smalley, Sulle na Malale (2014) waliliona jambo hili kwa kufuata uhusiano wa dola, mtaji wa kigeni na wakulima wa miwa wilayani Kilombero. Walionesha jinsi kilimo cha wakulima wa nje kilivyopanuka baada ya ubinafsishaji, vyama vyao vilivyoongezeka na kugawanyika, na jinsi uwezo wa viwanda ulivyokuwa kikwazo hata baadhi ya miwa ikabaki shambani bila kuvunwa. Sulle (2017) aliongeza kwamba faida haikugawanyika sawa: kilimo hicho kiliwainua baadhi na kuwaacha wengine, hasa katika umiliki wa ardhi. Kazi zote mbili ni za uchumi wa kisiasa wa kilimo, si za menejimenti. Hapo ndipo penye swali kwa taaluma ya tabia katika asasi. Maswali yake ya msingi, yaani mamlaka, motisha, haki na imani, yalijibiwa na watu wa fani nyingine kwa sababu wao hawakuanza na orodha ya watumishi.

Gharama ya kuanza na orodha inaonekana wazi katika dhana ya kujifunga. Tuseme mtafiti anapima uaminifu wa wakulima kwa kampuni kwa kuhesabu misimu ambayo kila mmoja ameuza miwa yake huko. Atapata uaminifu mkubwa sana. Lakini muwa ukikatwa huchipua tena kwa misimu kadhaa, na kung'oa visiki ili kupanda mpunga ni gharama. Tena, viwanda vyote viwili ni vya kampuni moja, na miwa haisafiri mbali bila kuharibika. Anayeuza kwa miaka kumi huenda anaipenda kampuni, na huenda hana pengine pa kupeleka. Nadharia ya Meyer na Allen inao uwezo wa kutofautisha hali hizo mbili, kwa kuwa sehemu yake ya pili inahusu hasara ya kuondoka. Kosa basi si la nadharia. Ni la mtafiti aliyejumlisha sehemu tatu kuwa wastani mmoja kisha akauita wastani huo uaminifu.

3.0 Neno linalopimwa

Udhaifu wa pili uko katika lugha, nao hujadiliwa kwa nadra kwa sababu hojaji huwekwa katika kiambatisho. Hojaji nyingi hutungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku wa kuamkia safari ya uwandani. Neno linaloathirika zaidi ni kuridhika. Katika skeli za kigeni, kuridhika na kazi ni tathmini: mtu analinganisha alichotarajia na alichopata. Katika Kiswahili, kuridhika ni pia tabia njema. Mtu aliyeridhika ni mtu asiye na tamaa, anayepokea alichojaliwa bila manung'uniko. Mkata miwa akiulizwa kama ameridhika na kazi yake, swali linaweza kumfikia kama swali kuhusu uungwana wake. Akijibu "nakubali", jedwali litasema mazingira ya kazi ni mazuri, ilhali yeye amesema kwamba si mtu wa kulalamika.

Neno imani lina mtego wa namna hiyo. Kuwa na imani na kiongozi, kumwamini karani wa mizani na kuaminiana kwa majirani wanaokopeshana mbegu ni mambo matatu tofauti, na Kiswahili kinayatofautisha kwa vitenzi na viambishi vyake. Hojaji inayotumia neno moja kwa yote matatu imetupa usahihi ambao lugha ilikuwa imeutoa bure. Aidha, hatua ya katikati ya skeli, inayoandikwa "sina uhakika", huhesabiwa kuwa namba tatu, yaani nusu ya njia. Kwa mhojiwa anayezungumza na mgeni aliyeletwa na mwenyekiti wa kitongoji, "sina uhakika" inaweza kuwa njia ya heshima ya kukataa kujibu. Kukataa si nusu ya kukubali.

Tatizo la kukusanya watu wengi chini ya namba moja lina historia ndefu katika fani hii. Mizani ya utamaduni ya Hofstede, inayotajwa katika tasnifu nyingi, ilitokana na majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM, na Tanzania iliwekwa katika kundi moja la Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Namba ya kundi hilo ikitumiwa kueleza tabia ya mkulima wa Kilombero, inakuwa imesafiri mbali na chanzo chake.

4.0 Msimu na sampuli

Udhaifu wa tatu ni wa muda. Familia nyingi za Bonde la Kilombero zina makazi mawili: nyumba ya kijijini au mjini, na dungu au kibanda katika mashamba ya mpunga ya bondeni. Mvua zinapoanza, watu huhamia shambani kulima, kupalilia, kuwinga ndege na kuvuna, na wengine hukaa huko kwa miezi. Mtafiti anayegawa hojaji katika mitaa ya Mlabani, mjini Ifakara, mwezi Machi atawakuta watumishi, wafanyabiashara wa maduka, wazee na watoto wa shule. Akirudi Agosti atakuta mji mwingine, wenye mpunga magunia na fedha mikononi. Majibu kuhusu mikopo, ushirika au kuridhika yatatofautiana kwa sababu wahojiwa ni wengine na mifuko yao ni mingine, si kwa sababu msimamo wa mtu umebadilika. Tasnifu nyingi hutaja ukubwa wa sampuli kwa kanuni ya hesabu na hazitaji mwezi.

Dawa ya udhaifu huu haihitaji kuletwa kutoka mbali. Mfumo wa ufuatiliaji wa kaya ulioanzishwa Ifakara mwaka 1996 ulizitembelea kaya za baadhi ya vijiji vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne, ili kuandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama. Mzunguko huo ulilazimisha msimu uonekane katika data.

Juu ya msingi huo ulisimama mradi wa KINET, ambao hutajwa katika maandiko ya afya lakini kwa kazi yake ulikuwa mradi wa masoko. Uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu. Kabla ya kuuza, wahusika walichunguza watu wanajua nini, wanapendelea nini na wanaweza kulipa nini. Mawakala walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya, na wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa hati punguzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vilivyotiwa dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa mwanafunzi wa menejimenti, fundisho ni kwamba mtandao wa mauzo usio na jengo wala orodha ya watumishi ulichunguzwa kama asasi, na mafanikio yake hayakupimwa kwa kuwauliza mawakala kama wameridhika. Yalipimwa kwa jambo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo.

5.0 Mngeta na lawama ya mtazamo

Shamba la Mngeta linaonesha jinsi uchaguzi wa kipimo unavyogawa lawama. Lilikuwa la ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini tangu miaka ya 1980, kisha likapita katika mikono ya Kilombero Plantations Limited mwaka 2008, likiwa na hekta zaidi ya 5,000. Kampuni hiyo ililima mpunga na kuwafundisha wakulima wadogo wa jirani kilimo shadidi. Mwaka 2015 Taasisi ya Oakland ilichapisha ripoti iliyoeleza malalamiko ya ardhi na madeni ya wakulima, na wawekezaji wakayapinga. Kabla ya muongo huo kuisha, kampuni yenyewe ilikuwa imeshindwa kulipa mikopo yake.

Mtafiti anayetumia nadharia ya upokeaji wa teknolojia kueleza kwa nini mkulima aliacha kilimo shadidi atatafuta sababu katika mtazamo, elimu na umri wa mkulima, kwa kuwa hivyo ndivyo vigeu alivyonavyo. Lakini bei ya mchele, ushuru wa mchele wa nje na masharti ya mkopo viliigusa kampuni na mkulima kwa pamoja. Kampuni ilipoelemewa, ilisemwa kuwa soko lilikuwa gumu. Mkulima alipoelemewa, hojaji ilimuuliza juu ya mtazamo wake. Tofauti hiyo si ya kitakwimu. Ni tofauti ya heshima, na mtahini ana haki ya kuihoji.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Inaweza kusemwa kwamba bila vipimo vya pamoja hakuna ulinganisho, na kwamba mwanafunzi wa uzamili hana fedha wala miaka ya kufuatilia kaya. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, mambo yanayopendekezwa hapa hayahitaji miaka. Mkataba wa mkulima na kampuni husomwa kwa siku moja. Stakabadhi za mizani, zikilinganishwa na hati za malipo, huonesha muda na makato bila kumlazimisha mtu kukubali au kutokubali. Monson (2009), katika utafiti wake wa reli ya TAZARA, alitumia stakabadhi za vifurushi vya stesheni ndogo kueleza biashara ya watu wa kawaida kando ya reli, biashara ambayo hesabu za shirika hazikuipa uzito. Karatasi za namna hiyo zipo pia katika vyama vya wakulima wa miwa na maghala ya mpunga. Ulinganisho haupotei: unapata kitu halisi cha kulinganishwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mipaka ya asasi, maana ya neno na msimu wa kuuliza ni sehemu za matokeo, si utangulizi wake. Tasnifu inayotoka Kilombero inapaswa kueleza nani aliachwa nje ya sampuli ingawa yumo ndani ya kazi, kila neno la msingi lilieleweka vipi kwa Kiswahili cha wahojiwa, na hojaji iligawiwa mwezi gani. Mtahini akiyakosa hayo matatu, majedwali ya sura ya nne hayawezi kumsaidia. Mapendekezo ya sura ya tano husomwa na wanaopanga bei, ratiba na mikopo. Mkulima anayeitwa wa nje ndiye atakayeishi ndani ya mapendekezo hayo, kwa hiyo ni lazima awemo katika swali tangu mwanzo.