Kushindwa na Kupoteza: Uhakiki wa Lugha ya Ushindi wa Mfululizo

Lugha ya michezo haijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili, ingawa ni nathari isikilizwayo na watu wengi kila siku. Huko Kitengela, mji wa Kajiado ulio kando ya barabara iendayo Namanga, ambako wasemaji wa Kimaasai, Kikamba, Kikuyu na lugha nyinginezo hukutana kwa Kiswahili, lugha hiyo ni sehemu ya mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo yafaa kuuliza: habari za ushindi wa mfululizo, na za kukatika kwake, humpa nani sifa?

Neno lenyewe, mfululizo, latokana na kitenzi fululiza, yaani kuendelea bila kusita. Hutumiwa ovyo. Chukua mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Olimpiki. Wanaume wa Kenya walishinda mwaka 1968 na 1972, kisha mara tisa kuanzia 1984 hadi 2016. Mwaka 1976 na 1980 Kenya ilisusia Michezo hiyo. Anayesema kwamba Kenya ilishinda mfululizo tangu 1968 hadi 2016 anaipa ushindi hata katika mbio ambazo haikukimbia. Usemi ulio sahihi ni kwamba Kenya ilishinda kila mara iliposhiriki. Tofauti ni ndogo kwa maneno, lakini ni kubwa kwa maana.

Kasoro iliyo nzito zaidi hujitokeza mfululizo unapokatika. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Soufiane El Bakkali wa Moroko alitwaa dhahabu, na Benjamin Kigen wa Kenya akapata shaba. Tukio kama hili huweza kusimuliwa kwa njia mbili: Kenya ilipoteza mbio, au Kenya ilishindwa na El Bakkali. Kitenzi shindwa, kwa umbo lake la kutendwa, humdai mtenda. Msikilizaji hungoja kusikia aliyeshinda. Kitenzi poteza hakimdai mtu. Kinachopotea kilikuwa mali ya mwenyewe, na kimemponyoka kwa uzembe au kwa mkosi. Hivyo mshindi hufutwa katika sentensi, naye aliyeshindwa hubebeshwa lawama ya mlinzi aliyelala.

Yaweza kujibiwa kwamba kupoteza mchezo kumekwisha kuzoeleka, na kwamba lugha hukua. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Mchezaji hupoteza mpira, hupoteza nafasi, hata taji alilolishika. Lakini mbio ambazo hazijakimbiwa si mali ya yeyote.

Mfano wa David Rudisha wathibitisha jambo hili. Mzaliwa huyu wa Kilgoris, katika Narok, alishinda fainali za mita 800 tangu 2009 hadi Mohammed Aman wa Ethiopia alipomshinda mjini Milan, Septemba 2011. Mwaka uliofuata, mjini London, Rudisha alitwaa dhahabu kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Je, kule Milan alikuwa amepoteza nini? Mbio zake alikuwa nazo bado. Siku ile alimkuta aliyemzidi.

Rudisha huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa Olimpiki za Wamaasai zilizoanzishwa Kimana, kusini mwa Kajiado, mwaka 2012, ili vijana washindane kwa mbio, mikuki, rungu na kuruka juu badala ya kuwinda simba. Maana ya mashindano hayo yote yategemea kwamba mwenzako aweza kukushinda, nawe ukarudi tena. Wahenga walikwisha kusema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema asiyekubali kupoteza. Mtangazaji anayemtaja mshindi kwa jina huihifadhi maana hiyo, na kumwachia aliyeshindwa heshima yake.